Jinsi ya Kuvaa Mwezi wa Japani Ukiwa Eastlands

Kwanza hakikisha mwezi uliouziwa ni mwezi. Saa nyingi za Kijapani za Orient ziitwazo Sun and Moon zina kisahani cha saa 24 tu: jua mchana, mwezi usiku, hata usiku wa giza totoro. Usiirudishe dukani. Kwenye kisahani hicho jua na mwezi hupokezana zamu karibu saa kumi na mbili, na huku kwetu, jirani na ikweta, jua huchomoza na kutua karibu na wakati huo mwaka mzima. Tokyo mwezi wa Juni kumekucha kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo husema kweli zaidi Kayole kuliko kwao, na mimi naipenda kwa hilo.

Ukitaka mwezi unaokua na kupungua, tafuta Orient Star ya mashine, iliyotoka mwaka 2017. Saa nyingi za aina hii zina kisahani chenye miezi miwili, kikisukumwa na gurudumu la meno 59, jino moja kwa siku. Kila mwezi unapata siku 29 na nusu. Mwezi wa mbinguni huchukua kama dakika 44 zaidi, hivyo baada ya miaka miwili na miezi saba hivi saa itakuwa imeutangulia kwa siku moja.

Kuurekebisha, subiri mwezi mpevu. Panda juu ya ploti, pita kamba za nguo, uipe kisogo taa ya mulika mwizi, maana nayo ni nyeupe na iko juu. Tazama tu, usiguse kitufe! Kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri meno ya kalenda huwa yameshikana na yanaweza kuvunjika. Rekebisha asubuhi, baada ya chai.

Mwezi mwandamo una kazi zaidi. Kwenye saa umesimama, kama Wajapani wanavyouona. Juu ya Umoja mara nyingi hulala chali, pembe juu. Basi pindua mkono hadi namba 12 ielekee kulia kwako, na mwezi wa saa utafanana na wa mbinguni. Majirani wakikushangaa, waonyeshe. Watoto hulielewa jambo hili upesi.

Ndani ya matatu Jogoo Road, shusha mkono wa shati uifunike saa.

Ramadhani ikikaribia, usiende Eastleigh kutangaza mwandamo kwa kisahani. Waumini hungoja macho ya watu na tangazo la Kadhi Mkuu. Jioni hiyo panda nao juu, mtazame magharibi.