Ukiwa Huko Huko Juu

Kazi ya kukata na kupogoa miti ina tatizo moja ambalo hakuna fundi anayemwambia mwanafunzi wake: ukishafika juu, huna pa kujificha. Fundi viatu akichoshwa na watu hufunga kibanda chake, akaaga kwamba anakwenda Omurushaka kutafuta gundi. Fundi cherehani huinamia kitambaa, akajifanya anahesabu sentimita. Mimi nimekaa kwenye panda ya mgrevilea, mguu huku na mguu kule, kamba ya manila kiunoni, na nusu ya Nyakakika inaniona vizuri kuliko inavyomwona mwenyekiti wa kitongoji. Hapo ndipo maombi yanapoanza, na yote yanaingilia mlango mmoja: "Fundi, ukiwa huko huko juu..."

Ukiwa huko huko juu, niangalizie kama ng'ombe wangu wameingia kwenye maharage ya watu. Ukiwa huko huko juu, isogeze hiyo antena kidogo. Ukiwa huko huko juu, niangushie fenesi moja. Huyu wa mwisho ndiye ninayemwogopa. Mfenesi haumo kwenye makubaliano yetu. Umesimama tu jirani, matawi yake yameingiliana na ya mti niliokuja kuupogoa, na mama mwenye nyumba anaona ni suala la kunyoosha mkono. Sasa, fenesi kubwa hupita kilo 30. Haliangushwi, hushushwa. Unalifunga kwenye kikonyo, unapitisha kamba juu ya tawi imara, unakata, kisha unaiachia kamba taratibu huku utomvu ukikutiririkia hadi kwenye kiwiko. Utomvu huo hausikii maji wala sabuni. Unasikia mafuta ya kula, na mafuta ya kula mama anayataka kwa mchuzi. Fenesi likifika chini salama, anayesifiwa ni kijana aliyelipokea. Likimponyoka likajipigiza kwenye paa la jiko, anayeitwa ni fundi.

Kuna mzee mmoja alivuka mipaka yote ya ombi hilo. Huku kwetu kuna milima na mabonde, na mtandao wa simu huchagua pa kukaa. Mzee aliponiona nimefika kileleni akaifunga simu yake kwenye kamba ninayoshushia matawi, akanipa ishara niivute. Alitaka kumtumia mjukuu wake nauli. Nikaipokea, kweli, huko juu mtandao ulikuwepo. "Weka namba ya simu," akanitajia. "Weka kiasi," akanitajia. "Haya, sasa weka namba ya siri." Na namba ya siri nayo akaitamka kwa sauti ile ile ya kuongea na mtu aliye angani, mara mbili, ili nisikosee. Waliokuwa wakipita na ndoo za maji wakasimama. Watoto wakaiitikia kwa pamoja, wanavyoitikia mwalimu wao. Nauli ikafika. Kesho yake mzee alinikuta nikikusanya kuni, akaniomba kwa heshima zote nipande tena. Alikuwa anataka kubadilisha namba ya siri.

Mti wenyewe hauna matata. Ukitaka ulalie kulia, unaukata mdomo upande wa kulia, kina cha robo ya unene wa shina au zaidi kidogo. Unahamia nyuma, unakata juu kidogo ya usawa wa mdomo, na katikati unaacha ukanda usiokatwa, ambao ndio unaoushika mti na kuuongoza unapolala. Ukiukata ukanda huo wote, mti unakwenda unakotaka wenyewe. Ndiyo kanuni, na mti hauijadili. Wanaoijadili ni watu walio chini. Ukiwapa kamba vijana sita wavute, ndani ya dakika moja wameshapata viongozi wawili. Mmoja anasema vuta, mwingine anasema legeza. Pembeni kuna mstaafu mwenye fimbo anayepiga kelele "Kulia! Kulia!", na kwa kuwa amenigeuzia uso, kulia kwake ni kushoto kwangu. Mti ukianguka ulikopangiwa, mstaafu hugeuka na kuwaambia watu: "Mnaona? Nilimwambia."

Halafu kuna panga. Kwingineko mtu mwenye panga huulizwa anakwenda kumfanya nani nini. Huku Kagera tunaulizwa panga limetoka shamba gani. Mwaka 2006, miaka mitano baada ya kuonekana Uganda, mnyauko bakteria wa migomba uliingia mkoani kwetu, na vibanja vilivyolisha ukoo mzima vikageuka manjano huku wenyewe wanatazama. Ugonjwa huo husafiri kwa utomvu unaobaki kwenye vifaa. Ndiyo maana mabwana shamba walifundisha kila nyumba kung'oa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata, na kulichoma panga motoni au kulisafisha kwa Jik kabla halijahamia mgomba mwingine.

Somo liliingia. Hakuna mama ninayepita kwake ambaye hanipokonyi panga mlangoni. Nikimweleza kwamba nimekuja kupogoa mparachichi, ananiuliza huo mparachichi nitaufikiaje bila kupita kwenye migomba yake, na hapo sina jibu, kwa sababu majani makavu lazima niyafyeke nipate njia. Basi panga linaingia kwenye mafiga, chini ya sufuria ya matoke, na tunasubiri wote wawili. Chuma kinachochomwa kila nyumba hupoteza ugumu wake. Panga langu la sasa ukilipiga kwenye tawi la mkaratusi linapinda kwa adabu. Nyumba zenye Jik zina nafuu kwa panga, ila shati langu la kazi, lililokuwa la bluu, sasa lina madoa meupe ambayo wageni hudhani ndiyo mtindo.

Miti imekuwa mingi, hilo lazima niseme, na kwa mtu wa kazi yangu ni neema. Mibuni inahitaji kivuli, migomba inahitaji kukingwa na upepo, majiko yanahitaji kuni. Ukaja pia mradi wa Emiti Nibwo Bulora hapa Karagwe na Kyerwa, ambamo wakulima walipanda miti wakalipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo. Ni jambo jema, ila limenizalishia maswali. Baba mmoja alinisimamisha nikiwa nimeshafikisha msumeno nusu ya tawi. Alitaka kujua: hewa iliyomo kwenye tawi hili, likikatwa, itapunguzwa kwenye malipo yake? Na kama itapunguzwa, ni mimi nitakayemrudishia? Tawi likabaki linaning'inia kwa nusu saa tukizungumzia anga.

Kwenye kidonda ndipo tunapogombana zaidi. Tawi nene halikatwi mara moja. Unaanza kwa chini, umbali kama upana wa kiganja kutoka kwenye shina, kisha unakata kwa juu, mbele kidogo ya hapo. Tawi linaanguka bila kuchuna gome la shina. Mwisho unaondoa kisiki kilichobaki, na unapita nje ya ule uvimbe mdogo ambapo tawi hutokea, kwa sababu uvimbe huo ndio unaofunga jeraha. Wateja wana maoni mengine. Wapo wanaotaka nikate hadi ndani, pawe laini. Wapo wanaotaka nibakize kisiki cha futi moja, watundike jembe. Na wote, wa laini na wa jembe, wanataka kidonda kipakwe kitu: samadi, udongo, au oili chafu ya pikipiki.

Alikuwepo mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mnyororo ili aone ndani yake kunatokea nini baada ya kuumia. Alionyesha kwamba mti haujazi nyama mpya mahali palipoharibika. Unajenga kuta kuzunguka sehemu iliyooza, kisha unaendelea kukua nje yake. Rangi na dawa za kupaka juu ya kidonda hazizuii kuoza. Haya yote nilimweleza mama mmoja aliyekuwa amesimama chini na ndoo ya samadi mbichi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mzungu ana miti yake?"

"Alikuwa nayo, mama. Alishafariki, mwaka 2006."

"Unaona sasa?" akasema, akanipandishia ndoo kwa kamba.

Kazi ya mikaratusi iko tofauti. Hapo hatugombani kuhusu kidonda, tunagombana kuhusu hesabu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kati ya shughuli za kudumu za binadamu na kingo za mito, maziwa na mabwawa, na huku vijijini namba hiyo imezoeleka kwa kila chanzo cha maji. Mkaratusi una sifa ya kunywa, hivyo kisima kikipungua, macho yote yanauelekea. Niliitwa kukata mikaratusi iliyodaiwa kuwa ndani ya mita 60. Mwenye miti, mtu mrefu, akapiga hatua zake akapata zaidi. Mjumbe wa kamati ya maji, mtu mfupi, akapiga zake na kusema pungufu. Ikaamuliwa ipatikane tepu, na tepu pekee iliyopatikana ilikuwa ya fundi cherehani: mita moja na nusu. Ilibidi ilazwe chini mara 40. Walipokaribia nusu ya safari mtu akasalimia, wakajibu salamu, hesabu ikapotea, wakarudi kisimani kuanza upya.

Miti ilikatwa hatimaye, na sherehe ikafanyika. Kisha mvua za vuli zikaja. Mkaratusi ukikatwa haufi. Kisiki chake huchipua, na kwa mkulima wa nguzo hiyo ndiyo faida yake. Nilipopita kudai salio langu, kila kisiki kilikuwa kimezungukwa na machipukizi manne au matano yamefika kiunoni. Mjumbe wa kamati akanitazama muda mrefu. "Fundi," akasema, "sisi tulikulipa kupunguza."

Viumbe pekee waliowahi kunipa utulivu kazini ni nyuki. Mvule mmoja ulikuwa na tundu, na ndani yake mzinga wa asili ambao hakuna aliyenitajia. Msumeno ulipowafikia, chini ya mti palikuwa na watu wa kutosha kujaza lori. Sikuona wakiondoka. Niliona tu fimbo ya mstaafu imelala chini, na mwenyewe yuko ng'ambo ya bonde akiwa amewatangulia vijana. Nilishuka kwa kamba, nikajifunika majani ya mgomba na moshi wa kuni mbichi, nikakaa. Kwa saa nzima hakuna aliyeniambia kulia wala kushoto.

Lakini lililonibadilishia biashara halikuwa nyuki, lilikuwa mshambya uliosimama mpakani, kwenye mteremko, baina ya majirani wawili. Tawi lake kubwa lilikuwa limelalia upande wa pili. Nililifunga, nikalikata, likashuka kwa kamba polepole na kutua pale pale nilipokuwa nimepaonyesha kabla ya kupanda. Watu wakapiga makofi. Katika furaha hiyo kijana mmoja akafungua kamba kabla sijasema. Tawi likatulia kidogo, kisha likakumbuka kwamba Karagwe ni mteremko. Likaanza kubingirika bila haraka yoyote. Likapita baina ya migomba miwili bila kuigusa, likaukwepa mbuni, likakwangua udongo, likang'oa mlamula mmoja kati ya ile iliyopandwa na mababu kuonyesha mpaka, likasimama.

Makofi yakakatika. Mwenye mti akasema mlamula ulikuwa hapa. Jirani akasema ulikuwa hapa. Tofauti ilikuwa hatua moja na nusu. Shimo lingeweza kuamua, ila tawi lilikuwa limelichimba likawa mtaro, na kila mmoja alichagua ncha yake. Wakaitwa wazee. Wazee wakakumbuka jambo jingine la mwaka wa njaa, na mbuzi ambaye hakuwahi kurudishwa. Mwenyekiti wa kitongoji akafika, akasikiliza pande zote, akakuna kichwa, na ndipo alipoinua macho akaniona bado niko kwenye panda.

"Fundi! Wewe ukiwa huko huko juu uliona vizuri kuliko sisi sote. Mlamula ulikuwa wapi?"

Nikasema macho yangu yalikuwa kwenye kamba. Wote wawili wakaniamini kwa shingo upande, na wote wawili wakasema malipo yangu yatangoja shauri liishe. Shauri lilikwenda baraza la kata. Linaendelea vizuri.

Siku hizi nikiitwa kutoa bei, unene wa shina nautazama mwisho kabisa. Kwanza nauliza mti umeegemea kwa nani, kisha namwomba mwenye mti amsalimie jirani huyo nikiwepo. Wakisalimiana na kuulizana habari za watoto, bei ni ya kawaida. Wakijibizana kwa kikohozi, naongeza nusu, na nusu hiyo nalipwa kabla sijapanda. Jirani akiitikia kwa kuuliza salamu ya leo imetoka wapi, nakunja kamba yangu, namwita bodaboda, nawaambia nimechungulia kwenye tundu na mti huo una nyuki wengi sana.