Barua ya Fisi

Ukame ulipomaliza hata mbegu za nyasi, Mama Kanga alitoka Kibwezi na vifaranga wake, akapanda kuelekea nchi ya baridi, upande wa Kikuyu. Njia hiyo si ngeni. Wamisheni wa Kiskoti walianzia kazi Kibwezi mwaka 1891, malaria ikawaandama, na mwaka 1898 misheni ikahamia Thogoto, upande huo huo wa Kikuyu. Walikuja na Biblia na namna yao ya kuongoza kanisa: hakuna askofu, bali wazee waliochaguliwa huketi na mchungaji kuamua mambo kwa pamoja.

Mama Kanga alilelewa katika utaratibu huo, naye alitaka ushirika wenye afya. Jumapili ya kwanza alipita kwa Tausi, ambaye alikuwa mchungaji, baraza na mweka hazina kwa wakati mmoja. Sadaka ya tatu ilipotangazwa, aliwakusanya vifaranga akatoka.

Ushirika wa Mkuyu ulimvutia zaidi. Kila kitu kilikwenda kwa ratiba. Karani wa baraza, Nungunungu, alichomoa mwiba wake mwenyewe akaandikia kumbukumbu. Vifaranga wa hapo walikariri maswali yote 107 ya Katekisimu Fupi ya Westminster bila kuvuta pumzi. Mchungaji Korongo alihubiri Neno sawasawa. Wazee walikaa benchi la mbele wamefunga tai, na miongoni mwao alikuwamo Fisi, mweka hazina. Usiulize alifikaje pale. Alichaguliwa kihalali, kwa kura, na kumbukumbu zipo.

Siku ya harambee ya jengo, Ndovu alitoa mabati yote. Tangu hapo ndiye aliyesema nani ahubiri Krismasi na nani Pasaka. Kobe, muumini mkongwe kuliko mkuyu wenyewe, alinong'ona kwamba hata Scotland wenye mashamba waliwahi kujipa haki ya kuwachagulia watu mchungaji, mpaka mwaka 1843 wachungaji zaidi ya 450 wakaliacha kanisa la taifa, pamoja na nyumba zake na mishahara yake.

"Mzee Kobe, unataka nani atoke hapa?" akauliza Nungunungu. "Mabati yameshapigiliwa."

Mama Kanga naye alitoa debe la mahindi kwa ajili ya wajane. Kesho yake, akidonoa njiani kama ilivyo desturi yake, alikuta punje moja, kisha nyingine, kisha nyingine, mpaka mlangoni kwa Fisi. Akaliuliza baraza. Fisi akacheka, maana ndivyo alivyoumbwa, na wenzake wakacheka naye. Swali likawekwa mwisho wa ajenda, chini ya "Mengineyo", na muda ukaisha kabla ya kufika huko. Mwezi uliofuata ikaundwa kamati: Fisi, shemeji yake Mbweha, na Kinyonga ili pande zote ziwakilishwe. Ripoti yao ilikuwa sentensi moja: kamati imeridhika kwamba swali la dada yetu lilipokelewa kwa upendo.

"Mwanangu," Kobe alimwambia, "Waskoti walipoandika ungamo lao mwaka 1560 walitaja alama tatu za kanisa la kweli: Neno lihubiriwe sawasawa, sakramenti zitolewe ipasavyo, na nidhamu ishikwe. Calvin kule Geneva alitosheka na mbili za kwanza. Waskoti wakaongeza ya tatu. Nadhani walikuwa wanajijua."

Hiyo ya tatu nasi tunayo, tena kwa wingi. Tunaitumia kwa msichana aliyepata mimba na kijana aliyeonja busaa. Kupanda zile hatua chache mpaka benchi la mbele ndiko kunakoishinda.

Mama Kanga hakupiga kelele. Aliandika rufaa kwa presbiteri, baraza la juu linalosimamia shirika za eneo, maana utaratibu ule ule uliomficha Fisi unamruhusu hata kanga kukata rufaa. Wakati anasubiri, akavuka mto kujaribu ushirika wa Ng'ambo.

Huko paa lilivuja na kwaya iliimba kila mtu na sauti yake. Konokono, mzee wa kanisa aliyepangiwa wilaya ya Mama Kanga, alianza safari ya kumtembelea Jumatatu akafika Alhamisi. Lakini alifika, na aliuliza ni kifaranga yupi anayekohoa. Jumapili, Mama Kanga alimkuta Punda amekaa nyuma kabisa, peke yake.

"Mbona Mzee uko huku?"

"Nilikopa mahindi ya wajane bila ruhusa. Nimesimamishwa uzee mpaka nirudishe. Limebaki debe moja."

"Nani aliamua?"

"Wenzangu wale pale. Halafu wakaja kunilimia shamba, nipate cha kulipa."

Mama Kanga akawaita vifaranga wake waingie. Kwaya ilikuwa bado inaimba vibaya.

Mvua mbili zikapita. Punda alimaliza deni, akarudi benchi la mbele. Presbiteri nayo ikaisoma rufaa na kumwita Fisi aje na vitabu vya hesabu. Wiki hiyo hiyo Fisi akaonekana anavuka mto, amebeba barua ya uhamisho kwa mwandiko mzuri wa Nungunungu: mshiriki mwaminifu, mtoaji hodari, hana deni lolote.

Baraza la Ng'ambo liliisoma kwa sauti mbele ya ushirika. Punda akainuka.

"Karibu, Mzee Fisi. Na yale mahindi?"

Fisi akacheka. Safari hii hakupata mwenzake wa kucheka naye, ikabidi ajinyamazie.

"Kesi yako iko presbiteri," Punda akaendelea. "Mpaka iishe, kaa nasi, usikie Neno. Benchi la nyuma lina nafasi, nalijua vizuri. Na msimu wa kulima ukifika, tutakuja na majembe."

Fisi akatazama nyuma, akatazama mbele, akauliza kama benchi hilo liko karibu na sanduku la sadaka.