Jiwe la Magaga

Sonara alilishika jiwe langu kwa vidole viwili, akalinusa, kisha akaniuliza mbona lanuka wali wa nazi.

Duka lilikuwa limefurika. Idi ilikuwa inabisha hodi, na siku hizo maduka ya fedha na dhahabu ya Mji wa Kale, Mombasa, hayana nafasi hata ya kugeuza kiwiko. Nami nilikuwa nimevaa kanzu iliyopigwa pasi mahususi kwa safari hiyo, maana nilikwenda kuagiza pete ya akiki ya baba mkwe, na jiwe la pete yenyewe nilikuwa nimelichonga kwa mikono yangu. Jambo hilo nililitangaza kwa sauti iliyomfikia muuza kahawa nje barazani.

"Nimelichonga mwenyewe, Mzee."

Wateja wakageuka. Kijana mmoja alikwisha kutoa simu apige picha.

Sonara hakusema kitu. Alichukua mswaki uliochoka, akautia sabuni, akalisugua jiwe, akalisuuza, akalifuta kwa kitambaa, akalipuliza, akaliweka chini ya taa. Tukasubiri sote. Na jiwe, mbele ya kadamnasi ile, likakauka. Wekundu ulioniliza kwa furaha jana yake usiku ukafifia ukawa rangi ya tofali, na mgongoni pakatokea mitaro, mmoja huku, mmoja kule, mingine ikikatana.

"Mwanangu," akaniambia, kwa upole ulioniuma kuliko tusi, "wataka nikutilie mkono wa fedha, uwe wasugulia miguu?"

Kicheko kilianza kwa yule kijana wa simu, kikalizunguka duka, kikatoka nje kwa muuza kahawa. Hicho ningekimeza. Kilichonimaliza ni mama mmoja aliyekuwa akijaribisha bangili, ambaye yeye hakucheka kabisa. Alinyoosha mkono akalitwaa jiwe, akalipitisha kwenye kiganja chake, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Lakwaruza vizuri hili. Wauza ngapi? Mimi magaga yanantesa."

Hakuwa akinikejeli. Alikwisha kufungua kibeti, akataja shilingi hamsini.

Kabla msomaji hajajiunga na wale waliocheka, na anisikilize. Ni kweli nililipaka mafuta ya nazi. Kidogo tu, kwa heshima ya jiwe. Lakini hila ile si yangu, ni ya mwanga. Mwanga ukitoka hewani ukaingia ndani ya akiki, mwendo wake hupungua kwa zaidi ya theluthi. Kwa sababu ya tofauti hiyo kubwa, kila bonde na kila kilima kidogo juu ya jiwe huurusha upande wake, na jicho huona ukungu. Sasa yajaze mabonde hayo maji. Ndani ya maji mwanga tayari umepungua mwendo kwa robo, kwa hiyo ukifika kwenye jiwe haushtuki sana; unapita, unaingia ndani, unazikuta rangi, unarudi nazo. Mafuta ya nazi yanakaribiana na akiki zaidi ya maji. Chini ya mafuta ya nazi hata kokoto ya barabarani hujiona malkia. Jiwe linapokauka huishiwa urembo kama changu aliyevuliwa alfajiri na bado yuko mezani alasiri.

Jiwe lenyewe, nasisitiza, halikuwa na kosa. Akiki huzaliwa ndani ya mapovu. Volkano inatapika, lava inaganda ikiwa bado na mapovu ya gesi tumboni, kisha maji yenye silika huanza kupenya humo kwa muda ambao binadamu hana subira nao, yakiacha tabaka juu ya tabaka za nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho. Ndiyo ile mistari unayoiona ukilipasua. Kwa ugumu, akiki hufikia sita na nusu mpaka saba katika kipimo ambacho Mjerumani Friedrich Mohs alikitunga mwaka 1812, ambacho almasi ni kumi. Kisu cha jikoni hakiwezi kulichora. Kitu kigumu namna hiyo, ukishakitia mkwaruzo, hakiusahau.

Na mikwaruzo ndiyo kazi yenyewe. Hili ndilo ambalo sonara alijua na wale wachekaji hawakujua. Kito cha pete ya akiki kwa kawaida hakikatwi pembepembe. Huchongwa tako bapa na mgongo wa mviringo, umbo ambalo mafundi duniani huliita kaboshoni. Bamba hukatwa kwa msumeno wa duara usio na jino hata moja, ukingo wake umepachikwa punje za almasi, kwa hiyo haukati bali unasaga. Wapo mafundi wanaougusa kwa kidole ukiwa unazunguka ili kutisha wageni. Mimi mke wangu amenikataza. Kipande hugandishwa kwenye ncha ya kijiti kwa lakiri iliyoyeyushwa juu ya taa ya spiriti. Kisha huanza misasa ya almasi: namba 80, 220, 600, 1200, 3000. Mwisho kabisa ni ngozi iliyopakwa oksidi ya seriamu, unga uleule unaong'arishia vioo.

Mtu hudhani kila namba inang'arisha zaidi ya iliyotangulia. Hakuna namba inayong'arisha. Kila moja inafuta mikwaruzo ya mwenzake na kuacha yake, iliyo midogo zaidi, mpaka inafika mahali inakuwa midogo kiasi kwamba mwanga nao unaipuuza. Kung'aa ni mikwaruzo iliyoshindwa kuonekana! Niliposoma hilo mara ya kwanza sikulala. Nilimwamsha mke wangu nimweleze, naye alinijibu jambo ambalo si la kuchapishwa. Ila ukiacha mtaro mmoja tu wa namba 80 ukavuka nao hadi 220, basi 600 haiuwezi, 1200 haiugusi, na 3000, hata usage hadi Shaabani ijayo, itaung'arisha tu. Utakuwa na mtaro unaong'aa. Na punje moja ya 80 ikijificha kwenye kucha yako ikahamia msasa wa 1200, kazi ya wiki imekwenda na maji.

Dawa ni kufuta jiwe, kulikausha, kulitazama chini ya taa, kuligeuza, kulitazama tena. Mstari wa taa ya tyubu uteleze mgongoni mwa jiwe bila kukatika popote. Ukikatika, rudi nyuma namba mbili, bila kununa. Rahisi kusema. Mashine hunyunyiza maji wakati wote, jiwe limelowa wakati wote, linapendeza wakati wote, na jiwe halikaukii mkononi mwa mtu mwenye furaha.

Maji hayo si ya urembo. Nilifunga mashine yangu kwa mota ya mashine ya kufulia iliyokufa na fremu niliyochomelewa na fundi wa jua kali, na kila anayeiona huuliza mbona ina bomba nyingi kuliko nyaya. Ni kwa sababu ukisaga akiki kavu unatoa vumbi la silika, jembamba kiasi cha kupita puani bila kupigiwa chafya, na likishakaa mapafuni halitoki. Linatia makovu, pumzi inafupika, kifua kikuu kinapata mlango wazi. Ugonjwa huo hauna tiba.

Akiki niliyoichonga aliniletea binamu yangu kutoka Gujarat, na huko, mjini Khambhat, watu wamekuwa wakichonga akiki tangu enzi na enzi. Mawe ya Ratanpur huchimbwa yakiwa na rangi ya udongo, huanikwa juani, kisha huokwa taratibu mpaka chuma kilichomo ndani kigeuke chekundu. Shanga nyekundu za akiki zimechimbuliwa Kilwa katika mabaki ya mji wa kale, na wataalamu huzihusisha na Gujarat. Kwa hiyo pwani hii imejipamba kwa vumbi la watu wale kwa karne nyingi. Na vumbi hilo limewaua na linaendelea kuwaua: wanasaga nyumbani, kwa magurudumu makavu, na mke na watoto wakivuta hewa hiyohiyo. Nimekaa barazani nikasikia wazee wakibishana juu ya pete ya akiki, ivaliwe kidole gani, mkono upi, fedha yake uzito gani. Sijasikia hata mara moja mtu akiuliza kama aliyelisaga jiwe lile bado anapumua. Wala mimi sikuwahi kuuliza, mpaka nilipofunga mashine ya kusagia nikaogopa kifua changu mwenyewe.

Wachonga akiki wa Kijerumani, wa mji wa Idar-Oberstein, wao walikuwa na kijito. Maji yake yaliyazungusha magurudumu makubwa ya mawe ya mchanga, na msagaji alilala kifudifudi juu ya kigoda cha kuegemea, miguu imesukumia ubao nyuma, akilikandamiza jiwe kwa uzito wa mwili mzima. Nilimsimulia mke wangu kwa hamasa. Akasema sasa ameelewa nilikojifunzia, maana kazi zangu nyingi huzifanya nikiwa nimelala.

Sisi wa Mombasa ni watu wa kisiwani, maji pande zote. Bomba la kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo limekuwapo tangu miaka ya 1950. Na mfereji wangu ukiufungua unakohoa hewa. Maji huja saa tisa usiku, yakipenda, kwa muda wa kujaza ndoo chache. Kinachokuja bila kukatika ni bili. Mengine twayanunua kwa mwenye mkokoteni, mtungi mmoja mmoja, na bei yake hupanda kila jua linapozidi. Kwa hiyo mtu mwenye mchezo wangu hujikuta amesimama ua wa nyuma, mtungi mkononi, akipiga hesabu: maji haya niyanywe, nipikie, au nisagie ili mapafu yasiote makovu? Mchezo wa kujistarehesha haupaswi kuwa na hesabu hiyo. Na mwanamke mwenye watoto nyumbani hapaswi kukesha akisikiliza bomba katika mji unaolipia maji. Hii ni insha ya kuchekesha, najua. Nitarudi huko.

Akiki iliponichosha nikahamia visukuku, ambavyo Mombasa havitafutwi, kwa sababu tunaishi ndani yake. Mawe ya matumbawe yaliyojengewa nyumba zetu, na ambayo Wareno waliyajengea Ngome ya Yesu kuanzia 1593, ni miamba ya bahari iliyokuwa hai yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Jirani alibomoa choo chake cha zamani. Nikaomba kipande cha ukuta. Kukata ndani nikakuta nyota, safu kwa safu, kila moja nyumba ya mdudu mmoja wa matumbawe. Nikaziba matundu kwa gundi ya epoksi, nikasaga, nikakausha, nikatazama, nikakausha tena. Liling'aa likiwa kavu! Nikalifanya kidani, nikampa shangazi, sikumwambia kuhusu choo.

Matumbawe ni chokaa, ugumu wake tatu tu, na chokaa na asidi havikai nyumba moja. Shangazi alikuwa akikamulia ndimu viazi karai mbele ya wageni, tone likadondokea kidani, kidani kikatoa povu kikichemka polepole kifuani pake. Wageni wakaaga mapema. Tangu siku hiyo anakifukiza ubani, na kila akiniona huniuliza nani ananionea kijicho.

Siku nyingine lakiri ikapoa vibaya, jiwe likachomoka likaruka ukuta hadi sufuriani kwa jirani yuleyule. Amelirudisha pamoja na risiti ya daktari wa meno.

Kanzu ya Idi sasa ina mistari ya seriamu, ya rangi ya waridi, isiyotoka.

Baba mkwe alinunuliwa pete ya dukani. Aliishikilia kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza kwa muda mrefu, akasema aliyelichonga jiwe lile ndiye mwanamume, huku akinitazama mimi.

Mke wangu ameleta mapipa mawili yanayofanana na kuyapanga ua wa nyuma. Juu ya kifuniko cha kwanza ameandika kwa kalamu nene: MAJI YA WATU. Juu ya cha pili: MAJI YA MAWE. Saa tisa usiku hulijaza la kwanza mpaka pomoni, na kama bomba bado halijakohoa, la pili hupata mabaki. Jana aliposhuka Marikiti kununua samaki, nikavibadilisha vifuniko.