Tajiri Aliyegeuka Baba

Miaka yote niliyosaga mahindi kwenye mashine yake hapa Sumbawanga, tajiri wangu aliniita "wewe". Siku za mshahara hakuniita kabisa. Mkanda wa mashine uliponichukulia vidole vitatu, ghafla nikawa mtoto wa nyumbani. "Huyu si mwajiriwa," aliwaambia watu wa fidia waliokuja kuuliza. "Ni mwanangu huyu, alikuwa ananisaidia tu."

Mapenzi hayo yamenitokea puani. Barua yao imekuja: fidia hakuna, kwa kuwa hakuna uthibitisho wa ajira.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ukiisoma ni tamu. Kila kiungo kimepangiwa asilimia yake. Dole gumba ni mheshimiwa, kidole cha mwisho ni kibarua mwenzangu. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, ni pensheni ya kila mwezi. Ukikaa kimya miezi 12 bila kutoa taarifa ya ajali, imekula kwako. Ukikataliwa, unamwomba Waziri aupitie uamuzi. Naye akigoma, ndipo unakata rufaa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Basi mimi, ambaye Julai hii yenye baridi ya Ufipa nafungwa vifungo vya sweta na mke wangu, ndiye wa kumwandikia Waziri.

Shemeji yangu wa Dar es Salaam kanipigia simu akicheka. "Watu wa Sumbawanga mnahangaika na rufaa? Kwani wazee wenu wamekwenda wapi?" Nchi nzima inaamini huku tunasafiri kwa ungo. Shemeji, ningekuwa na ungo, ningeng'ang'ania basi la Tunduma? Na kama wazee wanaweza kumpata mtu, mbona tajiri anazidi kunenepa?

Nilichopata mimi ni kijana mmoja anayejua sheria. Kanionyesha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004: ukimfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu, au ukitumia vifaa vyake, unahesabiwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Saa 45! Mimi hizo nilizimaliza kabla ya Ijumaa. Na vifaa? Damu yangu bado iko kwenye mkanda wake.

Kilichobaki ni mashahidi. Kina mama wote wa foleni wananikumbuka, lakini nusu yao wanadaiwa pale mashineni, na mwenye deni hana kumbukumbu nzuri.

Hata hivyo, Waziri akigoma, rufaa naikata. Tajiri akisimama na kurudia kwamba mimi ni mwanawe, sitabisha. Nitamwomba tu mheshimiwa Jaji aandike hivyohivyo, asaini, kisha tuendelee na shamba lake tajiri la Laela na ng'ombe wake. Nimekwisha kuwahesabu.