Mtandao wa Sekretaria Kamanyola: Kutoka 6 Hadi 1

Umefungua sekretaria ndogo pale Kamanyola: kompyuta tatu, printa moja, mashine ya fotokopi, na wanafunzi mlangoni wenye TFE (kazi za kumaliza masomo) za kuchapa kabla ya jua kuzama. Hongera, patroni. Sasa hizo mashine zijuane. Tunaanza na lisilo na haraka.

6. Intaneti ya kasi. Ndiyo, iko mkiani, usinune. Kuchapa na kupitisha faili toka kompyuta hii hadi ile ni mambo ya ndani ya nyumba. Yanaendelea hata intaneti ikilala. Starlink, intaneti ya setilaiti, ilikatazwa na ARPTC, msimamizi wa mawasiliano Kongo, mwaka 2024, ikapata leseni 2025, kwa hiyo vishawishi vipo. Ila sahani juu ya bati, na chini yake kompyuta zisizosalimiana, ni tai kwenye kifua wazi.

5. Laini mbili za kampuni mbili tofauti. Vodacom ikizimia, Airtel au Orange ishike zamu. Na kumbuka tunaishi wapi: Bugarama ya Rwanda iko ng'ambo ya mto Ruzizi, Burundi nayo si mbali. Modemu ukiiacha ijichagulie mtandao, inavuka mpaka bila jeto (kile kikaratasi cha mpakani) na kurudi imemaliza inite zako zote. Zima huduma ya nje ya nchi, uichagulie mtandao wewe mwenyewe.

4. Kebo. Kisichotembea kifungwe kwa waya; Wi-Fi waachie wenye simu. Kebo moja isizidi mita 100. Sokoni wapo watakaokuuzia aluminiamu iliyopakwa shaba: kwaruza uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe chini ya wekundu, mrudishie papa kebo yake na umsalimie.

3. Printa ipewe anwani ya kudumu ndani ya ruta. Usipofanya hivyo, umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuigawia anwani nyingine. Kompyuta zinaipigia hodi kwenye anwani ya jana, mteja ameshahamia kwa jirani.

2. Neno la siri, na wageni. Lile la kiwandani libadilishwe siku ileile ya kufunga ruta, maana "admin" kila mtoto wa mtaa analijua. Kisha fungua mtandao wa pili kwa wageni, wenye kasi ndogo. Mjomba ana haki ya chai. Hana haki ya kupakua filamu kwenye mtandao uliobeba daftari lako la madeni. (Labda jina lake limo.) Nakala ya daftari hilo iwe kwenye diski inayolala nyumbani kwako, si kwenye droo ya palepale dukani.

1. Umeme! Mto Ruzizi unazungusha mitambo ya Ruzizi I tangu mwisho wa miaka ya 1950, na ya Ruzizi II tangu 1989, ambayo kampuni ya SINELAC inaiendesha kwa ajili ya Kongo, Rwanda na Burundi. Maji yakitoka kazini huko juu yanateremka hadi kwetu bila kukosa siku. Umeme wake, huo una ratiba yake.

Basi usibishane nao. Soma kibandiko cha ruta: nyingi zinatumia volti 12, tena umeme kidogo sana, hivyo betri na paneli ndogo ya sola zinatosha kuiweka macho. Ila usiiunganishe moja kwa moja, maana betri inayochajiwa hupanda hata kupita volti 14. Weka katikati kifaa kinachoshikilia volti 12. Kompyuta ziwe za kukunja, zina betri zao. Printa ya leza usiichomeke kwenye ondulere (kifaa cha akiba ya umeme) kamwe: ikipasha moto inavuta umeme kwa pupa, na ondulere inazimika pamoja na kazi ya wote. Ngurumo zikianza, chomoa kila kitu, hata waya wa antena.

Pesa ya mwezi huu ikitosha kitu kimoja tu, nunua betri.