Wakoroma Wawili Nyumba Moja

Nyumbani kwangu tuna wakoroma wawili, na anayelipa kodi ni mmoja tu. Wa pili ana masikio marefu, anakula bure, na tangu aanze kukoroma nyumba nzima imegeuka wodi. Mimi nimekoroma katika ndoa hii miaka na miaka, wala sijawahi kuletewa hata glasi ya maji. Fungu langu ni kiwiko cha mbavu na "Baba watoto, hebu geuka." Sungura akikoroma, watu wanaamshana.

Lazima mjue huyu mgeni alifikaje. Kwetu Rumonge sungura ni kitoweo, na kinyesi chake ni mbolea ya bustani. Hakuna cha zaidi. Mpwa wangu akaenda Bururi, huko juu kwenye baridi, akateremka na sungura mweupe ndani ya kikapu na kututangazia kwamba huyu haliwi. Amempa jina Pamba. Jirani yangu mmoja, mtu mzima aliyekulia Kigoma, kila Ijumaa tukitoka msikitini ananiuliza amefikia kilo ngapi. Nikimwambia ni wa kufuga tu, ananitazama kwa huruma, kisha ananiuliza habari za afya yangu.

Hadithi zote za Sungura nimesimuliwa utotoni. Alimdanganya Fisi, alimtia Simba aibu, alinusurika kila mtego. Hakuna bibi aliyenidokeza kwamba akilala anapiga mluzi.

Kelele zilianza na ngurumo. Pamba alikuwa akimzunguka mpwa wangu miguuni, huku akitoa sauti fupi za "mm, mm, mm". Mama mkwe akasema ana jini. Baadaye tukaambiwa kwamba dume asiyehasiwa ndivyo anavyochumbia. Sawa, ana mapenzi. Vilevile akipapaswa kichwani anasaga meno polepole, na hiyo ni raha yake. Akiyasaga kwa nguvu, huku amejikunyata na hataki kula, hapo ana maumivu. Mimi nikisaga meno usiku naambiwa nina minyoo.

Halafu ukaja mluzi wenyewe, mwembamba, kama gurudumu la baiskeli linalovuja. Ukafuatiwa na chafya, tena chafya, na manyoya ya ndani ya miguu ya mbele yakawa yamegandana kwa kamasi, maana sungura hana leso: pua anaifutia mikono. Hapo ndipo baraza la ushauri likafunguliwa barazani kwangu.

Rumonge ina wavuvi, wakamuaji wa mawese, wafanyabiashara wa ndagala, na wote, bila kumbakiza hata mmoja, ni matabibu. Mmoja alisema apakwe mawese puani. Wa pili alisema ni mwiba wa ndagala, ingawa sungura hajala ndagala tangu aumbwe. Wa tatu, mama mmoja mwenye roho nzuri kabisa, alikuja na kidonge cha rangi mbili ndani ya karatasi ya daftari: amoksilini iliyobaki alipougua mwanawe. "Mpe nusu tu," alisema.

Nusu tu! Tumbo la sungura linaendeshwa na vijidudu vyake vyenyewe, ndivyo vinavyomsagia nyasi. Amoksilini ya kumeza inaua vile vizuri na kuviachia uwanja vile vinavyotoa sumu, na sungura aliyekuwa na mafua anakufa kwa kuhara. Dawa inayomponya mtoto ndiyo inayomzika sungura. Kidonge tulikipokea kwa shukrani, mke wangu akakifungia kabatini.

Veterineri alipatikana baada ya kubembelezwa. Amezoea ng'ombe. Aliposikia mgonjwa ni sungura, tena wa kufuga, alicheka kwa adabu, lakini kazi aliifanya. Kwanza hakumgusa. Alikaa kwenye kigoda akiangalia mbavu zinavyopanda na kushuka, akihesabu kwa saa ya mkono. Sungura aliyetulia hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika. Wetu, jua la saa tisa likiwa kichwani, alikuwa amepita 60.

Kisha akatueleza jambo ambalo mimi naona lingepaswa kuandikwa kwenye kila kikapu cha sungura sokoni. Mnyama huyu ameumbwa kupumua kwa pua. Mbwa akiona joto anahema ulimi nje. Sungura hana hilo. Ukimwona ameinua kichwa juu na kufungua mdomo kutafuta hewa, usisubiri asubuhi, maana amefika ukingoni. Ndiyo maana pua yake ikiziba kidogo tu inapiga kelele: njia ni hiyo moja. Inaweza kuzibwa na kamasi la bakteria aitwaye Pasteurella, ambaye sungura wengi wanaishi naye bila kuugua. Inaweza kubanwa na mizizi ya meno ya juu, kwa kuwa meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote.

"Na hapa kwenu," akasema, "tatizo liko chini."

Akaniamuru nipige magoti mbele ya banda. Mimi, mwenye nyumba, mbele ya majirani. "Weka pua yako pale ilipo pua yake, uvute hewa." Nikavuta. Machozi yalinitoka papo hapo. Ukisimama wima husikii ukali wowote, banda linanuka kidogo tu. Huko chini, juu ya maranda yaliyolowa mkojo, kuna amonia ya kuchoma macho. Sungura anaivuta usiku na mchana, utando wa pua unaharibika, na yule bakteria aliyekuwa mpangaji mtulivu anakuwa mwenye nyumba.

Na banda lenyewe lilikuwa wapi? Kikao cha familia kiliketi nikiwa sipo, kikaamua liwekwe kati ya jiko la mkaa na mkeka wa kuanikia ndagala. Moshi upande huu, vumbi la barabara ya kwenda Nyanza-Lac upande ule, na joto la huku kwetu Imbo juu ya vyote. Sungura wa milimani! Hatoi jasho, joto lake analitolea masikioni, na likipita nyuzi 30 anaanza kuhangaika. Mtu wa Bururi mwenyewe akiteremka huku analalamika, na yeye anaweza kuvua sweta.

Basi banda limehamishiwa ukutani, penye kivuli na upepo wa ziwa. Maranda yanabadilishwa, na mbadilishaji ni nani? Nyasi zinakung'utwa vumbi kabla ya kuliwa. Mchana anawekewa chupa ya maji baridi iliyozungushiwa kitambaa ili ajiegemeze. Dawa alipewa na veterineri, ya sungura, kwa kipimo cha sungura, na chafya zimekatika.

Mkoromo upo bado. Veterineri anasema ni unene: akijinyoosha usingizini hukoroma, akiamka anakula vizuri, pua ni kavu, hana neno. Unene huohuo kwangu unaitwa uzembe.

Kwa hiyo, majirani zangu, nawaomba. Sungura wa mtu akipiga mluzi, mwulizeni kwanza mara ya mwisho alisafisha banda lini, na amoksilini zenu zibaki kwenu. Na wewe mzee wangu wa Ijumaa, kilo zake sizijui wala sitazipima. Pamba hauzwi.