Pikipiki ya Kukufikisha Mbeya, au Walau Chalinze

Uamuzi wa kununua pikipiki ya safari ndefu ufanyike usiku, kitandani, simu mkononi, ukiwa umeshiba. Tafuta video ya mtu anayepanda Stelvio kule Italia: mita 2,757 juu ya usawa wa bahari, kona kali 48 kwa upande mmoja tu wa mlima, lami laini, hakuna mbuzi. Itazame mara tatu. Ukihisi kwamba kona zile zingekufaa wewe kuliko yule jamaa wa kwenye video, basi umeshachagua. Kilichobaki ni rangi.

Tuelewane kwanza ni chombo gani tunachozungumzia. Si ile ya kuendea shamba, wala ile ndefu ya kuruka mashimo ambayo waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipita nayo Tanzania mwaka 2007 wakielekea Cape Town. Hii ni pikipiki ya mbio iliyofundishwa adabu: injini kubwa, ngao ya plastiki ya kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni, na kiti kinachodai kuwa cha watu wawili. BMW walipotoa R 100 RS mwaka 1976, ngao yake ilichongwa kwa kupimwa kwenye handaki la upepo, ili Mjerumani ashinde njiani kwenye barabara isiyo na kikomo cha mwendo bila shingo kumuuma. Wajapani nao wakaja: Honda na Pan European yao mwaka 1990, Yamaha na FJR1300 mwaka 2001. Zote zinatatua tatizo la upepo wa kilomita 160 kwa saa. Wewe unaishi Tabata. Hilo lisikukwamishe.

Kigezo kikuu ni nguvu, na hapa usiwe bahili. Suzuki Hayabusa ya mwaka 1999 ilikuwa inavuka kilomita 300 kwa saa, mpaka watengenezaji wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe kuishia 299. Giya yake ya kwanza peke yake inapita 100. Sasa chukua barabara ya Dar hadi Mbeya, kilomita 830 hivi, uhesabu vijiji. Kila kijiji kina kibao cha 50, na nyuma ya mwembe kuna askari wa trafiki na tochi yake. Utagundua kwamba kwenye vijiji vyote hivyo sheria inaishia katikati ya giya ya kwanza, na zile tano nyingine umezilipia ushuru ili zipumzike. Ushuru wenyewe, kwa njia, upigie hesabu kwenye karatasi tofauti na bei, na karatasi hizo mbili zisikutane. Mtaani hakuna atakayekuuliza unatumia giya ngapi. Watauliza ina cc ngapi.

Kuhusu uzito, karatasi ya mtengenezaji inasema BMW R 1250 RT ina kilo 279 ikiwa imejazwa mafuta, na FJR iko jirani na 290. Usisome ukurasa huo. Dukani pikipiki imesimama kwa stendi kubwa juu ya vigae, na muuzaji ameishika upande wa pili huku akitabasamu. Uzito wote anao yeye. Siku utakayosimama pembeni ya barabara pale Mlandizi, mguu ukakanyaga changarawe mahali ulipotarajia lami, ndipo utakapotambulishwa rasmi. Italala taratibu, kwa heshima, nawe utaisindikiza hadi chini. Kuiinua kuna mbinu: zima injini, igeuzie mgongo, chuchumaa, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, kisha isukume kinyumenyume kwa nguvu za mapaja. Mbinu hiyo ni ya kweli na wenye miili midogo wanaiweza. Lakini Mlandizi hutaihitaji, kwa sababu vijana wa bodaboda watakuwa wameshafika, wameshainua, na mmoja ameshauliza, "Bosi, hii mnyama wanauza shilingi ngapi?" Taja nusu ya bei. Hata hiyo nusu hawataiamini.

Kiti kijaribu kwa dakika moja. Mtu wa kawaida angeomba akae nusu saa, mikono kwenye usukani na magoti yamekunjwa, asikilize kiuno kinasema nini, lakini hiyo ni tabia ya watu wasiojiamini. Pikipiki hizi zinauinamisha mwili mbele kidogo, na kwenye mwendo mkali upepo wa kifuani unaubeba. Kwenye mwendo wa 50 upepo huo haupo, kwa hiyo kazi yake vinapewa viganja vyako, na vikifika Morogoro vitakuwa vimegoma. Marekani kuna chama kiitwacho Iron Butt Association, kinachompa cheti mtu aliyekwenda maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Kwetu hiyo ni kwenda Mbeya na kurudi bila kulala, bila kumwamkia shangazi wa Uyole, na kukatiza hifadhi ya Mikumi gizani, ambako kibao kinakutajia bei ya kila mnyama utakayemgonga na hakisemi lolote kuhusu bei yako. Wakongwe wa mchezo huo huanza kwa kubadilisha kiti. Wewe anza na ekzosi.

Mama watoto naye apelekwe kukiona kiti cha nyuma, ila akitazame tu.

Sasa twende kwenye jambo ambalo wanunuzi wengi wanaliharakisha, nami nashauri waendelee kuliharakisha: vipuri. Pikipiki itakuwa na mnyororo au shafti. Mnyororo, kila fundi kuanzia Chalinze hadi Tunduma anaujua. Atakukazia, atakukatia pingili, atakupakia oili chafu na kukutoza hela ya soda. Shafti haikazwi wala haipakwi oili ovyo, ni safi, inadumu miaka, na siku ikikataa dawa yake inakuja kwa ndege. Chagua shafti. Matairi nayo ni ya rimu ya inchi 17, sawasawa na Boxer ya bodaboda, na undugu unaishia hapo: la nyuma lina upana wa milimita 180 na herufi ZR, maana yake limeidhinishwa kwa mwendo unaozidi kilomita 240 kwa saa. Litapata msumari wa inchi mbili Ilula. Vijiti vya kuzibia pancha na pampu ndogo vinaingia kwenye mfuko wa koti, ndiyo maana watu wengi huviacha nyumbani.

Utakapokwama, omba upelekwe kwa fundi mzuri wa mji. Yupo, chini ya mti, ana spana namba 10, 12 na 14, na hizo tatu zimemsomeshea watoto. Ataizunguka pikipiki yako mara mbili bila kuigusa.

"Mzee, kabureta iko wapi?"

"Haina."

"Haina? Sasa mafuta inakunywaje?"

Mweleze habari za sindano za mafuta, vihisi na kompyuta. Atakusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha atarudi kwenye Boxer iliyoletwa asubuhi, ambayo itaondoka kabla ya saa sita. Ulipokuwa dukani, palikuwa na swali moja la maana: nani, kati ya Dar na Mbeya, ana mashine ya kusoma hitilafu za chombo hiki? Uliuliza kama ina Bluetooth.

Inayo. Ina pia kitufe cha kushikilia mwendo ili mkono upumzike. Kibonyeze ukitoka kwenye tuta, kifurahie, kizime kwenye rasta, kibonyeze tena, kizime kwenye tuta linalofuata. Baada ya saa moja mkono utakuwa umechoka kwa kubonyeza. Na ile ngao iliyochongwa kwa upepo hurudisha joto la injini miguuni. Waliomiliki FJR za mwanzo walilalamika kuchomwa mapaja, na wengi wao hawajui Kimara iko wapi. Wewe utaijua foleni ya Kimara kwa mapaja. Ila haki itendeke: vishikio vya usukani vinavyopashwa moto, ambavyo Dar vilichekesha ukoo mzima, ukivuka Mafinga mwezi wa saba na kuingia Makambako kwenye upepo ule, hutamruhusu mtu avicheke tena.

Na kuna Kitonga. Hapo kejeli naiweka pembeni kidogo. Ukishapita mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, barabara inaanza kupanda kwa kona, ukuta wa mlima huku na bonde kule, na malori yamepangana yakinguruma kwa mwendo wa mtu anayekwenda msibani. Harufu ya breki zilizoungua inateremka, dizeli iliyomwagika inang'aa kwenye kona, kwa hiyo macho yawe chini na mbele kwa pamoja. Kisha unapata nafasi, unazungusha mkono kidogo tu, na semi nzima inabaki nyuma kabla dereva wake hajakuona. Hakuna pikipiki ya cc 150 inayofanya hivyo, na mwenye Boxer akikwambia yake inaweza, ana abiria anayemsikiliza. Kwa kilomita zile chache kila shilingi uliyotoa ina sababu. Tatizo ni kwamba Kitonga inaisha.

Kuna watakaokutajia Ted Simon, Mwingereza aliyeanza safari mwaka 1973 kwa Triumph ya cc 500, akashuka Afrika kutoka Tunisia hadi Cape Town, akaizunguka dunia kwa miaka minne. Watakwambia alifanya yote hayo na injini ndogo kuliko sanduku lako la pembeni. Wajibu kwamba hakuwa na haraka.

Kuuza ni sehemu ya kuchagua, kwa hiyo tangazo liandike mapema, siku ileile ya kununua, hisia zikiwa bado nzuri. Mmiliki mmoja. Haijawahi kulala chini. Mlandizi ni mbali na hakuna aliyekujua jina. Kilomita chache, zote za lami. Namba ya simu iwe ya shemeji. Mwishoni weka ile sentensi ambayo kila mnunuzi wa chombo nchini ameshaisoma: sababu ya kuuza, mmiliki anasafiri. Safari hii itakuwa kweli, maana tiketi ya basi la Mbeya la saa kumi na mbili asubuhi umeshakata, kiti cha dirishani.